Nani Hufagia Huko?

Mwezi wa kumi hapa Handali upepo hauna adabu.
Unaingia bila hodi, unalamba sufuria,
unapanda kitandani na miguu yake myekundu,
na Mama Ndahani huamka kabla ya majogoo
kuutoa nje kwa ufagio wa vijiti.
Miaka hamsini na moja wanapigana.
Vumbi halijashindwa. Yeye hajakubali.

Nilirudi likizo na darubini ya kuazima,
bomba jeupe nimelifunga kwa kamba ya katani
nyuma ya pikipiki kutoka mjini.
Dereva akauliza kama ni mtambo wa kutafutia maji.
Nikamwambia, ni jirani yake.

Saa tano usiku Jabari alichomoza nyuma ya zizi,
amelala ubavu kama mtu aliyechoshwa na vita.
Nikaushika mkanda wake, zile nyota tatu,
nikateleza hadi kwenye upanga,
pale ambapo nyota moja ina kingo za ukungu.
Mama, njoo. Fumba jicho moja.

Akainama. Akanyamaza.
Mbuzi akapiga chafya.
“Unanionyesha majivu,” akasema.

Ni kweli. Vitabuni nebula ile ni nyekundu
kama zabibu zilizopondwa, ina waridi, ina buluu,
kwa kuwa mashine ina subira kulishinda jicho:
hukaa wazi usiku kucha ikikinga mwanga
kama ndoo chini ya bomba letu
linalotoa maji Alhamisi tu.
Jicho la mama halikingi. Liliona kijivu,
pumzi ya mtu juu ya kioo,
bawa la kumbikumbi lililosahauliwa ukutani,
na katikati nyota nne changa
zimebanana kama vifaranga.

Si majivu, mama. Au tuseme ni majivu pia.
Hapo mwanzo ilikuwa gesi, nyepesi kuliko uvumi,
imetawanyika gizani haina la kufanya.
Ndipo nyota za kale zikaanza kufa.
Nyingine zilipasuka, zikatema chuma na chokaa.
Nyingine zilijivua polepole, ganda baada ya ganda,
kama uwele unavyoyaachia makapi ungo.
Makapi yale hayakuanguka. Huko hakuna chini.
Yakaelea miaka ambayo kuihesabu kunachosha ulimi,
hadi punje ikaivuta punje,
kifundo kikakivuta kifundo,
vikabanana,
vikapata joto,
vikawaka.

“Kumbe nyota ni vumbi lililokataa kufagiwa.”

Kumbe.

“Na huko nani hufagia?”

Watoto wenyewe, nikasema. Hizo nne unazoziona
zinalipuliza wingu lililozizaa,
zinalisukuma, zinalitoboa,
hata siku moja patabaki peupe,
nazo zitakwenda kila moja na njia yake.

Akacheka kwa puani. “Watoto ndivyo walivyo.”
Kisha, jicho likiwa bado kwenye kioo: “Ziko hai?”

Sijui, mama. Mwanga huu umo njiani
miaka elfu moja na mia tatu na zaidi.
Tunachokiona ni salamu. Mwenye kuituma hatumwoni.

Hakujibu.
Yeye bado ni Mama Ndahani,
na Ndahani tulimzika mwaka ule mvua ilipita mbali,
ana miezi tisa.
Kaburi upepo umekwisha kulisawazisha.
Jina linafika mlangoni kila asubuhi,
jirani yeyote akibisha hodi.

Alfajiri nikasikia ufagio. Ukasita.
Jua lilikuwa limeingia dirishani mlalo,
na vumbi aliloliamsha limesimama hewani,
linametameta, halijaamua liwe nini.
Mama amesimama katikati yake,
nywele zake zimepata ukungu wa dhahabu.

“Usinitazame hivyo,” akasema.
Sijui alikuwa akiniambia mimi au lile vumbi.
Akainama, akaendelea kufagia.